Masega Yenye Namba Yetu

Mume wangu hakuuawa na moshi. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia habari za mjane na bomba la moshi la gari huanza kutikisa vichwa kabla sijafika popote. Moyo wake ulisimama Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, akiwa amelala kwenye kochi na gazeti kifuani, na daktari akasema ni presha. Ingekuwa moshi, habari hizi zingekaa vizuri zaidi, lakini sina ruhusa ya kumbadilishia marehemu ugonjwa.

Aliacha binti mmoja wa shule ya msingi, nyumba ya mawe kule Uthiru ambayo chumba kimoja hakijapigwa plasta hadi leo, na gari. Lilikuwa gari dogo jeupe la Kijapani. Wenyewe walilitumia huko kwao mpaka wakalichoka, wakalipandisha meli, nasi tukalipokea mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili kama watu waliopokea bibi harusi. Ndani ya kibweta cha dashibodi tulikuta karatasi ya peremende yenye maandishi ya Kijapani. Mume wangu hakuitupa kamwe. Aliihifadhi pamoja na bima, kana kwamba ilikuwa cheti cha ubatizo cha gari.

Akalifanya teksi, akawa anaegesha Westlands, na baada ya muda akapata kandarasi ya kubeba wafanyakazi wa ofisi moja iliyoshughulika na mazingira. Sijui ilishughulika nayo vipi. Ninachojua ni kwamba mapokezi yake yalikuwa na miti mingi, yote ya plastiki, na kulikuwa na mtu aliyeajiriwa kuipangusa vumbi.

Baada ya mazishi familia ilikutana, kama ilivyo desturi yetu, chini ya hema ambalo mwenyewe alikuwa hajaja kulichukua. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, alifungua kwa maombi marefu kuhusu wajane na mayatima, akasema amina, kisha akaenda moja kwa moja kwenye gari.

"Shemeji, sisi tunakupenda," akasema. "Lakini gari ni ya mtu wa kuendesha. Wewe utaendesha nini?"

"Gari," nikasema.

Wajomba wawili walicheka, wakajifanya wanakohoa. Marehemu alikuwa amenifundisha kuendesha siku za Jumapili katika uwanja wa kanisa, nikizunguka mti mmoja wa msonobari hadi mchungaji akaomba tuuache upumzike. Leseni nilikuwa nayo. Shemeji hakuwa amelitarajia hilo, kwa sababu tayari alikuwa na mnunuzi. Nilimwona mtu huyo mazishini, akilizunguka gari taratibu, mikono nyuma, akiinama kila upande. Nilidhani ana majonzi.

Wazee wakakata shauri. Gari likae kwangu maadamu lina kazi ile ya Westlands, kwa kuwa kazi hiyo ndiyo inayosomesha mtoto. Siku likiipoteza, liuzwe na ndugu wagawane. Shemeji alisema hilo ni jambo la haki, na tangu siku hiyo akawa ananipigia simu mara kwa mara kuniuliza kama bado nina kazi. Sijawahi kuombewa hivyo.

Mimi nililitaka gari lile, na si kwa sababu ya kazi peke yake. Kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma kulingana na miguu yake, na mimi nilikuwa nikiendesha nikiwa nimeegemea mto badala ya kukivuta mbele. Na lilikuwa na sauti. Lilipokuja kutoka meli lilikuwa kimya, kama gari lolote la watu waungwana, lakini mwezi wa kwanza au wa pili alilipeleka gereji moja ya Ngara likachomelewe bomba la moshi lililopasuliwa na tuta, na liliporudi lilikuwa likivuma. Vuuuu, kama nyuki mkubwa ndani ya kopo. Fundi alimwambia amelifungua kifua, sasa linapumua. Mume wangu alifurahi sana. Aliponieleza, alijipiga kifua chake mwenyewe.

Kutoka pale kwenye kinu cha kusaga unga, ambako barabara yetu inakunja kona, tulikuwa tunamsikia. Binti alikuwa akiacha chochote alichoshika, anakimbia, na gari likifika lango liko wazi. Mume wangu hakupiga honi hata siku moja. Alijivunia jambo hilo kuliko gari lenyewe. "Wengine wanapiga honi kama makanga wa matatu," alikuwa akisema. "Mimi nyumba yangu inanijua."

Nilipoanza kuliendesha mimi, binti aliendelea kukimbia kufungua lango. Majuma ya kwanza alikuwa anatoka mbio, kisha anaona ni mimi. Sitalieleza hilo zaidi.

Kuna tabia nyingine ya marehemu ambayo lazima niitaje, maana bila hiyo yaliyofuata hayaeleweki. Ilianza mwezi ule wa kwanza wa gari, siku alipoibiwa vioo vya pembeni katikati ya mji, gari likiwa limesimama kwenye taa nyekundu na yeye akiwa ndani. Alikwenda kwenye maduka ya spea akavinunua tena vioo vile vile, na muuzaji akamsifu kwa kuchagua vitu vinavyolingana na gari lake. Kila mtu Nairobi amepitia hayo, na kila mtu akishapitia hutafuta mtu wa kando ya barabara mwenye kalamu ya umeme amchoree namba ya gari kwenye vioo. Wengi huishia kwenye vioo na taa. Mume wangu hakujua kuishia. Alichora namba kwenye betri, kwenye jeki, kwenye rimu ya gurudumu la akiba, kwenye kizima moto. Aliniletea sufuria zangu mbili zimechorwa namba ya gari, akisema fundi alikuwa bado na chaji.

Halafu abiria mmoja akamwambia kwamba chini ya gari, kwenye bomba la moshi, kuna kopo lenye madini ghali kuliko dhahabu. Siku iliyofuata alikwenda akalala chali na yule mtu wa kalamu, wakachora namba kwenye kopo hilo pia. Alirudi na grisi kwenye nywele na amani moyoni. Kwa mume wangu kitu kilichochorwa namba kilikuwa hakiibiki tena, kama mtu aliyechanjwa. Ndiyo maana hakuinama kukitazama tena.

Basi, miezi kadhaa baada ya mazishi, afisa wa usafiri wa ile ofisi alitukusanya madereva wote wa kandarasi kwenye maegesho. Alikuwa kijana mwenye kitambulisho kilichoning'inia shingoni kwa utepe wa kijani.

"Sisi kama watu wa mazingira lazima tuwe mfano," akasema. "Kuanzia sasa kila gari itapimwa moshi, kila robo ya mwaka. Ikianguka, kandarasi imekwisha."

Alilazimika kupaza sauti kwa sababu nyuma yake gari la mkubwa wake, lile la dizeli lenye magurudumu kama ya trekta, lilikuwa limeachwa likinguruma ili kiyoyozi kisipoe. Hapakuwa na mtu ndani. Dereva mmoja mzee, aliyevaa kofia ya sufi jua liwe lisiwe, aliuliza kama na hilo litapimwa.

"Hilo si la kandarasi," akasema kijana.

"Aa. Kumbe moshi wake umeajiriwa," mzee wa kofia akasema.

Tulipangiwa zamu. Wa kwanza wakaenda wakafaulu, wa pili wakaenda wakafaulu, na wote walirudi wakiwa wachangamfu kwa namna ambayo sikuielewa. Mimi sikumuuliza mtu. Nilijua mume wangu alikuwa akimwaga oili chafu kwa wakati na kubadilisha plagi kabla hazijachoka. Nikaenda na imani.

Kupima kulifanyika gereji moja ya Kilimani, iliyobanwa kati ya majengo mawili ya ghorofa yaliyokuwa yakijengwa, kiasi kwamba vumbi la saruji lilikuwa linatua juu ya mashine ya kupima usafi wa hewa. Mpimaji alivaa koti jeupe kama daktari. Aliniambia kwanza nizunguke mitaa hadi injini ipate moto barabara, kwa sababu gari baridi halipimiki. Niliporudi, akachukua fimbo ya chuma iliyoungwa kwenye mpira mrefu, akaiingiza kwenye bomba la moshi, akaniambia nikanyage mafuta kidogo nishikilie. Namba zikaanza kupanda kwenye kioo cha mashine. Alizitazama jinsi daktari yule alivyotazama zile za presha.

"Mama, hii gari inatoa sumu kama jiko la makaa," akasema.

Nilimwambia sioni moshi wowote. Akasema hilo ndilo tatizo la moshi huu, hauonekani na haunuki. Ni ule ule unaoua watu waliojifungia ndani na jiko usiku wa baridi. Injini yoyote huutoa, kwa kuwa petroli haiungui yote sawasawa. Akaniita tushuke shimoni chini ya gari nikajionee.

"Magari kama haya huja na masega," akasema. "Ndani ya kopo hili kunatakiwa kuwa na kitu cha kauri chenye vijitundu vingi, kama sega la nyuki. Kimepakwa madini fulani, kidogo tu, lakini ya bei mbaya. Moshi ukipita pale ukiwa wa moto, ile sumu inageuka. Inatoka hewa kama ile tunayoitoa puani mimi na wewe, na mvuke wa maji. Masega yenyewe hayaungui wala hayaishi. Yanageuza tu."

"Na yakiwa baridi?"

"Hayafanyi kazi. Ndiyo maana nikakutuma uzunguke. Na ukiyalisha petroli ya zamani, ile yenye madini ya risasi, yanapakwa risasi hadi yanakufa. Miaka ile mafuta yetu yote yalikuwa hayo, kwa hiyo mengi yaliyoletwa yalikufa hapa hapa, watu wakayang'oa." Akachukua spana, akaligonga kopo. Likalia kama sanduku la sadaka siku ya Jumatatu. "Lako halijafa. Lako halimo."

Lakini mimi nilikuwa natazama kitu kingine. Niliomba tochi, nikaangaza kopo lile pande zote. Lilikuwa na kutu na tope na weldi mbaya. Namba haikuwapo.

"Hili si letu," nikasema.

"Mama, liko kwa gari yako."

"Letu lina namba."

Alinitazama kwa huruma, jinsi watu walivyokuwa wakinitazama mwaka ule, akanisaidia kupanda kutoka shimoni. Akaniandikia kwamba nimeanguka, nirudi Ijumaa, na nisiporudi na kitu cha maana atapeleka jibu ofisini.

Jioni ile shemeji akapiga simu kuniuliza kama bado nina kazi. Sikuwahi kumdanganya. Nikamwambia niko nayo hadi Ijumaa. Alinipa pole nzito sana, na nyuma ya ile pole nikamsikia akimwambia mtu, "Ijumaa."

Kesho yake, kwenye stendi yetu ya teksi Westlands, nikamweleza mzee wa kofia kwamba nimeanguka. Alinishangaa.

"Ulienda hivyo hivyo?"

"Nilienda na gari."

"Na gari tupu! Mama, hakuna mtu huenda na gari tupu." Akanivuta kando. "Sisi wote magari yetu hayana hiyo kitu, iling'olewa zamani. Kuna fundi wa Ngara ako na moja nzima. Asubuhi anakufungia, unaenda Kilimani unapita, jioni anafungua, anafungia mwingine. Hiyo kitu imefanya mtihani mingi kuliko profesa."

Ndipo nilipouelewa ule uchangamfu. Madereva wote wa ofisi ya mazingira walikuwa wamefaulu kwa masega yale yale, kama darasa zima linalovaa sare moja kwa zamu. Nilimwambia mzee mimi siwezi. Niliona ni kama kukodi bwana wa kwenda naye harusini, halafu jioni unamrudisha. Lakini nilimuuliza ni fundi gani, kwa sababu nilitaka kumuuliza kama anauza. Alipokitaja kibanda kilipo, nyuma ya maduka ya jumla ya nguo, nilikifahamu, maana marehemu alinipitisha hapo mara moja. Ndiko gari lilikofunguliwa kifua.

Fundi alikuwa mnene sasa, lakini alinikumbuka. Mabomba ya moshi yalikuwa yametundikwa ukutani mwake kama matumbo kwenye bucha. Watu kadhaa walikuwa wakingoja magari yao, na mzee wa kofia alikuwa tayari amefika, ameketi kwenye kreti ya soda, kwa kuwa zamu yake ya kupimwa ilikuwa kesho yake.

"Mathe! Pole sana kwa msiba. Mzee alikuwa mtu poa," fundi akasema. "Sasa, umekuja kuokoka?"

"Nimeanguka mtihani," nikasema.

"Hakuna shida. Ukifunga hii kitu unaokoka. Ukifungua unarudi duniani na wengine."

Akaingia ndani ya kibanda, akatoka amebeba kitu kilichoviringishwa ndani ya blanketi la mtoto, la buluu, lenye picha za sungura. Alikilaza juu ya meza taratibu, mkono mmoja ukishika chini. Akafunua. Lilikuwa kopo la chuma lenye rangi ya majani makavu, safi, bila tope. Na ubavuni, kwa ile michoro ya kalamu ya umeme inayotetemeka kidogo kwenye herufi za mviringo, kulikuwa na namba ya gari letu.

Mimi si mtu wa kelele. Niliisoma kwa sauti ya kawaida, herufi moja moja, hadi mwisho. Kisha nikaonyesha gari, lililoegeshwa pale mbele ya kila mtu na bamba lake la namba. Watu wakasoma kopo, wakasoma gari, wakarudi kwenye kopo.

"Hiyo..." fundi akasema. "Hiyo ilikuja hivyo."

"Kutoka Japani?" akauliza mzee wa kofia.

"Eeh. Kutoka Japani."

"Kumbe na Japani namba za magari zinaanza na K ya Kenya?"

Gereji nzima ikaangua kicheko. Mama mmoja aliyekuwa akingojea pikapu yake alicheka hadi akaegemea ukuta wa mabomba, yakagongana. Fundi alijaribu kucheka nao, akaona haimsaidii, akabadilisha gia.

"Mathe, sikiza. Usinione mbaya. Kumbuka petroli ya wakati ule ilikuwa ya risasi. Hii kitu ingebaki kwa gari yenu ingekuwa imekufa kitambo. Mimi nimekuwekea! Imelala kwa rafu, kwa blanketi, miaka yote hiyo. Risasi ilipotolewa kwa mafuta ndiyo nikaanza kuitoa nje. Tangu hapo imekula petroli safi peke yake. Ungepata wapi hiyo?"

Hoja yake ilikuwa ya kweli, maana mpimaji wa Kilimani alikuwa ameniambia maneno yale yale. Mume wangu alikuwa amechora namba ili kitu kisiibwe, kikaibwa, na kwa kuibwa kikapona. Kama kingebaki salama mahali pake tungekiua sisi wenyewe, kwa mafuta tuliyonunua kwa jasho letu. Nilikuwa nimejiandaa kwa mwizi, sikuwa nimejiandaa kwa mwizi mwenye hoja.

"Umesema kweli," nikamwambia. "Asante kwa kuniwekea. Sasa funga."

Uso wake ukang'aa. "Leo nakufungia bure kabisa. Jioni unarudisha."

"Funga, na usifungue tena."

Hapo mzee wa kofia aliacha kucheka. Akasimama kutoka kwenye kreti.

"Mama. Na mimi? Zamu yangu ni kesho."

 Alikuwa rafiki wa marehemu, na alibeba jeneza upande wa kichwa.

"Stendi nzima inategemea hiyo kitu," akasema polepole. "Ukienda nayo, umetuua."

"Ni ya gari hili," nikasema. "Ningekuwa na nyingine ningekupa."

Nikakaa juu ya tairi kuukuu lililokuwa karibu na meza, nikiwa na koti la mume wangu. Sikuwa natisha mtu. Nilikuwa nimechoka na sikuwa na mahali pengine pa kwenda kabla ya Ijumaa. Lakini nimekuja kujua kwamba watu wa Ngara, ambao hawaogopi polisi wala kanjo, wale askari wa jiji, wanamwogopa sana mjane aliyeketi bila kusema kitu. Yule mama wa pikapu alikuwa wa kwanza.

"Fundi, mfungie huyu mama. Unataka laana ya bure?"

"Funga, bwana!" wengine wakadakia. "Kitu ina jina ya mwenyewe!"

Fundi akalala chini ya gari. Alifanya kazi yake vizuri, nasema ukweli, weldi safi kuliko ile ya kwanza. Mzee wa kofia alibaki amesimama muda wote. Mwishowe akasema, bila kunitazama, "Marehemu alikuwa anachora hadi sufuria. Tulikuwa tunamcheka." Akaenda zake kwa miguu.

Nilipogeuza ufunguo nilidhani injini imezima. Nikageuza tena, na gari likatoa ule ukelele wa meno unaotoka ukiwasha injini ambayo tayari inawaka.

"Inawaka, mathe!" fundi akapiga kelele. "Hivyo ndivyo ilizaliwa!" Kisha akainama dirishani, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeacha mlango wazi, "Ukichoka na hiyo kimya, uje nikutolee. Bei ya rafiki."

Ijumaa nilizunguka Kilimani hadi gari likapata moto, mpimaji akaingiza fimbo yake, namba zikakaa chini kabisa wala hazikujaribu kuinuka. Akashuka shimoni na tochi. Aliporudi juu alikuwa anatabasamu. "Kweli lina namba," akasema.

Yaliyotokea ofisini baadaye naweza kuyasema kwa ufupi, kwa kuwa hata wao waliyafanya kwa ufupi. Mzee wa kofia alianguka. Waliomfuata wakaanguka, na robo ya pili ilipofika wale waliofaulu mwanzoni wakaanguka pia, mmoja baada ya mwingine, na mpimaji akashangaa jinsi magari yanavyozeeka haraka Nairobi. Ofisi ya mazingira ikabaki na gari moja la kandarasi, langu, na wafanyakazi wa kutosha kujaza basi. Kwa muda wa siku chache walionekana wakitembea kwa miguu kando ya barabara, jambo ambalo nadhani lilikuwa jema sana kwa mazingira. Kisha yule kijana wa utepe wa kijani akatuita tena sote, akasema upimaji umesitishwa hadi utafiti zaidi ufanyike. Madereva wote wakarudi. Nyuma yake gari la mkubwa lilikuwa likinguruma. Siku ile mzee wa kofia alikuja akaegesha karibu nami, na hiyo ilitosha.

Shemeji alipiga simu Ijumaa ile ile, mapema. Nikamwambia bado nina kazi. Akasema Mungu ni mwema, kwa sauti ya mtu aliyetarajia Mungu awe na msimamo tofauti. Hajauliza tena juu ya gari, na mnunuzi wake nasikia alinunua lingine, la mtu mwingine aliyefariki.

Kwa hiyo nilipata nilichokitaka. Gari lilikuwa langu, halali, na wazee hawakuwa na neno. Lakini narudi nyuma kidogo, hadi siku ile ya Ngara: nililirudisha nyumbani kabla jua halijazama, nikapita Kangemi, nikapanda hadi Uthiru, nikakunja kona pale kwenye kinu cha kusaga unga. Nikafika langoni.

Lango lilikuwa limefungwa.

Nilikaa ndani ya gari nikalisubiri lifunguke. Nilikaa muda wa kutosha kujiona mjinga. Injini ilikuwa inawaka, na hapakuwa na mtu yeyote duniani aliyejua. Ndipo nikaelewa nilichokuwa nimekifunga kule Ngara. Nilikuwa nimepigania gari kwa sababu ya sauti yake, na nimelipata kwa kuiondoa.

Nikapiga honi. Ilitoka ndogo na ya aibu, maana haikuwa imezoea.

Nilimsikia binti akija kwa kutembea. "Nani?" akauliza kutoka ndani.

"Mimi."

"Na gari liko wapi?"

"Niko nalo."

Akafungua kidogo, akachungulia. Alitoka, akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo hadi akasikia inavyotetemeka.

"Limefanywa nini?"

"Limerudishiwa kitu chake. Hivi ndivyo lilivyokuwa baba alipolileta. Ulikuwa mdogo."

Akaondoa kiganja. "Basi nitajuaje?"

"Nitapiga honi."

"Baba hakuwa anapiga."

"Najua," nikasema. "Mimi nitapiga."

Akafungua lango lote, nikaingiza gari. Nilipokuwa nikifunga lango, niliona matone yakidondoka kutoka kwenye bomba la moshi na kulowesha changarawe. Mpimaji alikuwa ameniambia yatakuwapo, ni ule mvuke unaotoka sumu ikishageuzwa. Mtu mwingine angeona machozi. Mimi niliona maji, nikazima injini, nikaingia ndani kupika. Na ile ahadi ya fundi ya bei ya rafiki, siwezi kusema sijawahi kuifikiria. Kila nikipita Ngara huwa naifikiria, kisha naendelea na safari.